Adhiambo, Nimeiona Ile Meza

Makongeni, Nairobi
Jumanne, 11 Novemba 2025

Mpendwa mjukuu wangu Adhiambo, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Pokea salamu za mzee wa miaka themanini na moja. Nimeishi muda mrefu kuliko ile Reli ya Afrika Mashariki iliyoniandika kazi, kuliko behewa la chakula nililolitumikia miaka thelathini na mbili, kuliko nyanya yako, Mungu amlaze pema, na kuliko daktari aliyeniambia nijitayarishe. Nilijitayarisha, akatangulia yeye. Nakwambia haya ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kushtuliwa na kitu kidogo.

U hali gani huko Istanbul, mama? Unakula? Baridi imeanza? Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kushoto halitaki amri. Mama yako Jacklyne presha imeshuka, anaimba tena kanisani.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Unajua niliachia darasa la nne, kwa hivyo zivumilie herufi. Ningemwambia Elsie wa mlango wa pili akuandikie kwa simu kama siku zote, lakini simu yako sijui ni nani mwingine anaisoma. Ndiyo sababu nimempa Sahro, yule mama wa Eastleigh anayekuja huko kununua nguo. Isome ukiwa peke yako.

Jumapili baada ya kanisa mama yako aliwaita watu nyumbani kwangu kuona video uliyotuma, ile umevaa aproni nyeusi, unasema huu ni mwaka wa pili wa kusomea mambo ya hoteli na leo ni zoezi la kuandaa meza. Baba yako mdogo Sylvance alitazama kidogo tu akaanza mdomo wake. Akasema, "Mzee, huyu ulimpeleka kuosha masahani. Masahani si yapo hata hapo Mukuru?"

Nikamwambia, "Mimi niliosha masahani miaka mitatu kabla sijapewa trei. Na hayo masahani ndiyo yaliyokulisha mpaka ukaota ndevu za kunijibu nazo."

Watu wakacheka. Halafu mama yako akaniuliza mbele ya wote, "Baba, wewe ndiye unajua hii kazi. Meza iko sawa?"

Nikasema iko sawa kabisa. Nikasema hata mimi nikihudumia mawaziri wa kwenda Mombasa sikuandaa vizuri hivyo. Mama yako alitabasamu, na tangu Julai, ulipoacha kutuonyesha uso kwenye simu, sikuwa nimemwona akitabasamu.

Adhiambo, nilisema uongo.

Visu vyote makali yake yalitazama nje. Meza nzima, viti kumi. Kisu hukaa kulia, makali yakiielekea sahani, na hilo mtu hufundishwa siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi. Mimi nilikosea mara moja, mwaka wa sitini na tano, bwana msimamizi akanigonga vidole kwa kisu chenyewe. Wewe umesoma miaka miwili. Halafu ulipobeba supu, dole gumba lako lilikuwa ndani ya sahani, na wasichana wawili nyuma yako walifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyewakemea. Chumba kile hakina mwalimu, mama. Kina mtu aliyeshika simu tu.

Ripoti ya mtihani ulisema itafika Agosti. Haijafika. Tukipiga simu ya kuonana uso kwa uso unasema mtandao mbaya, lakini video ilikuja safi. Kwa hivyo mambo ni mawili. Ama uliacha shule ukaona haya kusema, ama shule haikuwapo, na kuna watu wanawatumikisha halafu wanawapiga picha za kutunyamazisha sisi huku.

Kama ni la kwanza, sina hasira. Nilikuwa nayo Jumapili, imeisha. Kama ni la pili, nisikilize vizuri. Pasipoti yako iko mkononi mwako au imewekwa na mtu? Usinijibu kwa simu. Mwambie Sahro kwa mdomo. Atakuwa huko siku sita. Kama unayo, mfuate hapo hapo na nguo ulizovaa, masanduku tutanunua mengine. Kama wanayo wao, mpe jina la mtu na jina la mtaa, naye atakupeleka kwa watu wa ubalozi wetu. Nimeongea naye. Hana maswali mengi yule mama.

Usibaki huko kwa kuogopa Sylvance atasema nini. Wewe ulitaka kusomea maabara. Mimi ndiye niliyepiga meza nikasema mjukuu wa Ogweno atakuwa meneja wa hoteli kubwa, na aliyenipinga nikamfukuza kwangu, mama yako akiwemo. Ukirudi, nitasimama mbele ya watu wale wale niseme nilidanganya, na kwamba safari ilikuwa yangu. Sijawahi kusema neno kama hilo tangu nizaliwe, lakini mdomo bado ninao.

Mama yako anakusalimu, hajui lolote katika haya. Elsie anakusalimu. Hata Sylvance anakusalimu, ingawa hakunituma. Mungu aliyekuvusha kwenda akushike mkono kurudi.

Ni mimi babu yako, nikungojaye mlangoni,
Zakayo Ogweno

Ukisema mzee anaota, yuko shahidi. Ni Obura wa Mbotela, aliyekuwa mpishi wa behewa letu, na hunipinga kwa kila kitu. Jana nilimpa video aitazame bila kumwambia neno. Aliitazama mara tatu, akanirudishia simu, akaniuliza, "Huyo mtoto anarudi lini?"