Ukungu Amepata Habari Yako

Mkubwa wangu Selestini,

Durban nzima hakuna mwenye bahati kama mimi. Bingwa wako amenitambua! Saluni yetu yote ya Pinetown wanajua: farasi aliyeshinda mbio kubwa, ambaye matajiri wanapanga foleni wamguse tu, amenifuata mimi kinyozi, akalaza kichwa kifuani pangu.

Kazi uliyonituma nimefanya. Ukiwa kitandani mgonjwa uliniambia, "Watu watapigiwa simu. Farasi nani atamwambia?" Nikacheka. Wewe hukucheka. Basi mkeo Mama Furaha akanipa koti lako la kumsugulia farasi zizini, lile alilokataa kulifua, nikalivaa, nikapanda teksi mpaka shamba lile la milimani wanakomtunza sasa.

Eish, mkubwa! Asubuhi ile iko ukungu mpaka miti inaelea. Jina lake la Kizungu silikumbuki, lakini wewe ulimwita Ukungu, na kijivu chake cha zamani kimegeuka cheupe kabisa. Akatoka polepole, kama kipande cha ukungu kimeamua kutembea. Nikaiona tena akilini siku ile ya mbio uwanjani: yeye wa mwisho, bado wa mwisho, wewe unatafuna kofia yako, halafu penye kona akaanza kuwapita wote, bila haraka, kama mtu anayekwenda kwake. "Mimi nilimsugua tu," ulisema, huku unalia.

Sasa kazi yake ni kuwa bwana harusi, msimu mzima! Majike wanaletwa kwa lori. Nikampa hongera. Watoto wake wanashinda mpaka Cape Town, na mmoja, wanasema, analamba ukuta kabla ya mbio, sawa na baba.

Nikamwambia kwa Kiswahili, lugha uliyokuwa ukimsemesha: "Selestini amelala. Hatakuja tena." Sikio moja likanigeukia. Akanifuata, akalaza kichwa kifuani pangu.

Lala vizuri, mkubwa wangu. Kila baridi ikianza nitapanda kule nimpe habari za nyumbani.

Lakini wewe siwezi kukudanganya. Jua lilipotoka nilivua koti, nikalitundika kwenye uzio. Akanipita. Akalaza kichwa kwenye koti.

Nimeliacha pale pale, mkeo amekubali. Mimi hakunijua hata kidogo.