Papa, Nilivuruga Tope la Bahari

Papa,

Nimekaa kwenye kiti chako, hapa nyumbani Likasi. Mama amekwenda misa. Ni wiki ya tatu tangu wakuzike, nami nimefika jana tu kwa taxi-bus kutoka Lubumbashi. Sijui nianzie wapi.

Siku yaya Ilunga, kaka yangu mkubwa, aliponipigia simu kule Ulaya, nilikuwa kwenye hadubini. Ile kazi uliyoicheka: "Weye mutoto ya Likasi, unatafuta nini mu bahari?" Nikakueleza kwamba tope la chini ya bahari limejaa magamba ya viumbe wadogo kama punje za chumvi. Kwamba enzi ya barafu maji yenye oksijeni nyepesi yalipanda angani yakaganda juu ya nchi kavu, bahari ikabaki na oksijeni nzito, na magamba yakaihifadhi. Tukiyapima, tunajua bahari ilikuwa na baridi kiasi gani. Wewe uliyepima mawe kiwandani miaka yote ukasema, "Basi ni kama labo yetu. Unapima jiwe, linakuambia kama iko na shaba." Hakuna mwingine aliyenielewa haraka hivyo.

Ilunga akasema, "Papa ametuacha." Nikajibu, "Sawa." Nikaendelea kuchagua magamba kwa brashi, kutoka sahani mbili: moja ya enzi ya barafu, nyingine ya tope la karibuni. Yapi niliyaweka kwenye chupa ipi? Sikumbuki, Papa. Sikumbuki kabisa.

Vipimo vikasema bahari ilikuwa na joto katikati ya enzi ya barafu. Profesa wangu akafurahi, akaanza kuandika makala, na jina langu ndani. Nikanyamaza. Nilijiambia labda ni kweli, labda mikono ilifanya kazi vizuri bila mimi.

Kisha nikakumbuka jioni ile uliyorudi kutoka kazini, msimamizi amekufokea mbele ya wenzako, kwa sababu wewe mwenyewe ulimwambia, "Miye njo nilivuruga sampuli. Turudilie kazi." Mama akakuuliza kwa nini ulijitaja na hakuna aliyekuona. Ulinawa mikono tu, ukaomba ule ugali wetu, bukari.

Nilimwambia profesa. Akaifuta makala. Tukapima tope lililobaki: baridi, kama tabaka zingine zote. Nilidhani nitapata nafuu. Badala yake nililia mbele ya mashine mpaka wenzangu wakatoka nje. Kwa ajili ya sahani mbili! Jana kwenye kaburi lako nilisimama kama mgeni, macho makavu. Ni nini hiki, Papa? Au kule mbele ya mashine ndiko nilikokulilia, na sikujua?

Mama anaamini nilikosa mazishi kwa ajili ya karatasi za safari. Zilichelewa, kweli. Lakini sikuzikimbilia. Niliogopa kukuona umelala.

Namsikia Mama getini, anasalimiana na majirani. Lala salama, Papa wangu. Nitamwambia yote leo, kabla hatujala.

Binti yako,
Ngoie