Unga Uliovuka Barabara

Mama yangu,

Theluji imekwisha hapa Champlin, huku ughaibuni, na mimi bado nanunua maziwa ya watu wawili. Tangu tukuzike nataka kukuandikia, lakini machozi hunitangulia. Leo nimeweza, maana nina ugomvi na wewe.

Ni yule shoga yako Bi Resi, bibi wa Austria wa nyumba ya pili, mliyekuwa mkinywa naye chai na mahamri, kila mmoja na Kiingereza chake. Alikusimulia kwamba kijijini kwao, Mei mosi, watu huamka wakakuta mstari wa chokaa barabarani, kutoka mlango wa kijana hadi kwa msichana anayempenda kwa siri. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Kwetu hiyo ingeitwa fitina," ukasema, halafu ukanitazama. Nikajitia kuosha vikombe.

Nilidhani hujui habari za Salim wa ng'ambo ya barabara. Ulipofariki akataka kuleta posa, nikamzuia. Ningeolewaje bila radhi yako?

Basi juzi, Mei mosi, nafungua mlango niende kazini, naona mstari mweupe umeanzia kwenye ngazi zetu, ukakatiza kwenye majani, ukavuka barabara hadi kwa Salim. Umepinda huku na huku. Nilitamani ardhi inimeze. Nikachukua ufagio, nikainama, harufu ya iliki ikanipanda puani. Ulikuwa unga wako wa mahamri, Mama, wewe usiyependa chakula kikanyagwe.

Bi Resi alikuwa amesimama pale na kigari chake cha kutembelea, viatu vimejaa unga. Akaniambia ulimwachia mkebe ulipozidiwa, ukamwagiza: "Theluji ikiisha, piga mstari. Mwanangu ana haya." Nililia pale pale, na Salim kwenye ncha yake ya mstari, ameshika mfuko wa chakula cha kazini, hajui aje au akae. Kumbe ulijua. Mapenzi ni kikohozi, ulizoea kusema, hayafichiki.

Jumamosi washenga wanakuja, ami atawapokea. Bi Resi atakaa kwenye kiti chako. Ameshaniuliza avae nini. Nitapika mahamri kwa unga uliobaki mkebeni. Na nakuahidi, nikiulizwa kama nimeridhia, sitajibu kwa kuinamisha kichwa. Nitasema ndiyo, kwa sauti utakayoisikia.

Mvua imeshauosha mstari. Njia naijua, Mama. Pumzika.

Mwanao