Chaki Isiyokatika

3 Machi

Baba, shikamoo.

Mgongo unaendeleaje? Na kikohozi cha Mama? Mimi mzima wa afya.

Kaa kwanza, Baba. Mwanao aliyefukuzwa kidato cha pili sasa ana kiwanda! Usicheke. Ni chumba kimoja, mabeseni mawili na kalibu nilizochonga mwenyewe. Namwaga uji wa plasta, ukiganda natoa chaki, naanika juu ya bati. Mwalimu mkuu wenu amenijibu kupitia karani wake: zikimridhisha mwalimu wa hesabu, maboksi sitini kila muhula ni oda yangu. Mwalimu wa hesabu si ndiye wewe? Nilidhani mwalimu mkuu bado ana kinyongo na yale masikio niliyomchorea ubaoni, yaliyonifukuzisha.

Nakutumia boksi la kwanza. Chaki za madukani zinakatika kama biskuti. Zangu, hata uzipige rungu! Nina siri yangu.

Mwanao,
Bwana Kiwanda

15 Machi

Baba, shikamoo.

Hamjambo huko? Barua huchukua siku mbili, nami nangoja ya kumi na mbili. Nashinda posta mpaka karani ameanza kuniita shemeji.

Nimeshatengeneza maboksi arobaini, nalala katikati yake kama panya ghalani. Baiskeli niliiuza nikanunua plasta. Zikikataliwa, narudi kubeba magunia, na wale niliowatambia watacheka mpaka jino la mwisho.

Au ni ile siri? Kila beseni natia kikombe cha saruji. Kidogo tu, Baba! Andika hata "mjinga wewe", nipumue.

Mwanao,
Bwana Kiwanda (bado)

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo, anakusalimu.

Mjinga wewe. Haya, pumua.

Chaki yako haikukatika, kweli. Kilichoumia ni ubao. Nilifundisha sehemu, nikafuta, nusu na robo zikabaki zimechimbika kama kwa msumari. Mwalimu mkuu alikuja, akapitisha kidole, akaondoka. Tangu hapo nasaga mkaa wa betri kuukuu, napaka ubao upya. Sikutaka kukuandikia kabla sijakuombea nafasi nyingine. Amekubali kwa shingo upande. Moja tu.

Kazi ya chaki ni kuisha, mwanangu. Hayo arobaini yavunje. Niletee chaki tano bila saruji.

Baba yako

27 Machi

Baba, shikamoo.

Mama hajambo? Mimi sijui kama sijambo.

Nimeyaponda yote kwa nyundo. Jirani amekuja kuuliza nagombana na nani. Mlango wangu nimeupaka rangi nyeusi, naandika, nafuta, naandika, mpaka mkono umekufa ganzi. Chaki tano hizi hapa, nimezifunga ndani ya soksi. Ni safi, usinuse.

Plasta imebaki konzi mbili. Zikikwaruza, usijisumbue kujibu. Nitaelewa.

Mwanao
(cheo nimekiweka pembeni)

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Pole kwa kungoja, nilitaka kuwa na hakika.

Mbili zilikatika mkononi, kama chaki. Nimezitumia zote. Jana kilibaki kipande kama ukucha. Mwalimu mkuu aliingia katikati ya somo, akakichukua, akachora masikio mawili makubwa ubaoni. Akafuta kwa dasta, akasogea karibu, akaangalia kwa muda mrefu kama yamebaki.

Hayakubaki.

Lete maboksi sitini. Na soksi yako ninayo, Mama ameifua.

Baba yako