Vidole vya Buluu

Jumanne.

Nilidhani ni doa, jamani. Doa! Yule mama wa Kihindi, mchoraji wa mtaa wa Fordsburg, aliniletea mchoro wake niutie fremu: Radha ameketi mtoni anamngoja mpenzi wake, mungu Krishna. Pembeni palikuwa na michirizi ya buluu. Nikaifunika kwa kadibodi, kazi ionekane safi.

Leo amekuja kuuchukua, akashika kichwa. "Dada, umemficha Krishna! Ngozi yake ni ya buluu. Hivyo ni vidole vyake, ndiyo kwanza anafika."

Eish. Nikamwomba msamaha, nikafungua fremu palepale, nikaitoa kadibodi.

Tangu mume wangu, Baba Neema, ahamie Durban kwa yule mwanamke, nilikuwa nimesahau kwamba anayengojwa huweza kufika.