Kisu Kimefika, Wewe Hujafika

Mdogo wangu Maduhu,

Mwangaluka. Sijui kama huko uliko ni asubuhi, wala sijui kama uko. Naiandika barua hii wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu sina pa kuituma, na simu yako haipatikani tangu mvua zile kubwa. Vijana wetu wengi wamehamia kusini na ng'ombe. Kama kuna mmoja anayeisoma na yuko kambi moja na wewe, namwomba akusomee polepole, maana wewe husoma kwa kufuata kidole na hupendi kuharakishwa.

Kisu chako kimefika nyumbani Nkololo.

Kimeletwa na kijana wa kijiji cha Zagayu aliyerudi kuoa. Alikitoa kwenye kiroba cha unga: kisu peke yake, kimeviringishwa kwenye kitambaa chenye samli, na ala yake peke yake. Mayu, mama yetu, alikuwa uani anakata viazi vya kuanika michembe. Alipoiona ile ala alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Yule kijana hakujua aendelee kusimama au akae. Mimi nilikuwa nimetoka Bariadi kuja kusalimia tu, bado nimevaa viatu vya ofisini, nikamvutia kigoda.

Tangu siku hiyo nakumbuka mambo madogo, hayo hayo kila siku.

Nakumbuka tulivyokitafuta. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepata kazi ya ukarani, nikataka kukununulia kitu cha maana. Nikakupeleka mjini, kwenye duka la vyombo, nikakuonyesha kisu kirefu chenye mpini mwekundu. Kilikuwa kinang'aa hadi unajiona. Ukakichukua, ukaugonga mpini juu ya meza, ukasikiliza.

"Kaka, humu ndani chuma kimeishia njiani," ukasema. "Siku nikikata miti ya boma nitabaki na mpini mkononi."

Mwenye duka akacheka. "Bwana mdogo, unanunua kisu au unaoa?"

"Nikioa nitauliza maswali machache kuliko haya."

Tukarudi Nkololo siku ya mnada, tukaenda kwa yule mhunzi anayefua vyuma vya springi za malori. Ulimsumbua sana. Ukataka chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, kifungwe kwa misumari miwili. Ukataka mgongo mnene, ili ukikigonga kwa gogo kisilie. Na urefu wake usizidi kiganja chako.

"Wenzako wanataka vya kutishia watu mnadani," mhunzi akakwambia.

"Mimi nataka cha kukatia kamba. Kirefu kitanichosha kiuno bure."

Msumari mmoja ulipinda akiupigilia. Akataka kuung'oa, ukamwambia auache, umeshashika. Mpini ulikuwa mweusi, haujalainishwa vizuri, na mimi nikaona aibu kwamba zawadi yangu imekuwa kitu kibaya hivyo. Wewe ulikilaza kwenye kiganja cha kushoto, mkono wako wa kazi, ukafunga vidole, ukatabasamu kama mtu aliyeshikwa mkono na rafiki.

Halafu ukakivaa vibaya! Ulikitundika mbele ya mkanda, kionekane. Ukaenda kukamua, ukachuchumaa, ncha ikatoboa mshono wa ala ikaingia kwenye paja.

"Mayu, nimechomwa!"

"Na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

Mayu alicheka mpaka akaweka kibuyu cha maziwa chini ndipo akaja kukufunga kitambaa. Toka siku hiyo kisu kilihamia kiunoni kushoto, kimelala kidogo kuelekea nyuma, na ukakishonea ukanda wa ngozi unaozunguka mpini ili kisichomoke ukipita kwenye miiba au ukikimbiza ndama. Mshono wa ala uliurudia mwenyewe, na ukaweka kipande kingine cha ngozi kwa ndani pale ncha inapolala.

Ulijaribu kunifundisha na mimi. Unajua nilivyo, naogopa hata mkasi wa ofisini. Nilikuwa nakishika kwa vidole viwili kama mkia wa nyoka.

"Kaka, unakiogopa kwa sababu kina makali," uliniambia. "Cha kuogopa ni kisu butu. Kinateleza, unaongeza nguvu, kinaingia usipotaka. Na usikate kuja kwako. Mkono mwingine ukae nyuma ya makali siku zote."

Ulikuwa unakinoa kwenye jiwe la mtoni, unalimwagia maji kidogo kidogo, huna haraka. Ukimaliza unakiweka kwenye ukucha; kikiteleza unarudia, kiking'ang'ania unaridhika. Nilikuwa nakaa karibu na kusikiliza tu. Sasa mjini nikisikia mtu ananoa kitu uani kwa jirani, nafunga dirisha.

Na ulikuwa na ile sheria yako ya mvua. Kisu kisirudishwe kwenye ala mbichi hata kama umechoka vipi. Kinafutwa, kinapakwa samli, kinafungwa kwenye kitambaa. Ala inaanikwa peke yake kivulini penye upepo, si juani wala si karibu na moto, maana ngozi itakakamaa na kupasuka. Ukinyeshewa, ulikuwa unaanza na kisu kabla ya kuvua shati.

Sasa nikwambie alichotueleza kijana wa Zagayu. Kama uko hai utanirekebisha.

Alisema mlinyeshewa kutwa nzima. Jioni ukapaka kisu samli, ukaning'iniza ala kwenye nguzo ya kibanda. Asubuhi ala ilikuwa bado mbichi. Ng'ombe wakawa wamevunja boma usiku na kuvuka mto. Ukachukua fimbo ukawafuata. Wenzako walikwambia, "Maduhu, kiuno kitupu leo?" Ukajibu, "Haijakauka. Narudi kabla ya kukamua." Baadaye maji yakapanda. Ng'ombe baadhi walirudi wenyewe. Wenzako walitembea kando ya mto huo siku nyingi, hawakuona mtu, hawakuona nguo.

Kwa hiyo hukukisahau. Uliondoka bila kisu kwa sababu ulikuwa unakitunza. Nalifikiria hilo nikiwa kwenye meza yangu ya kazi na watu wamepanga foleni mbele yangu, na kuna siku mtu aliniuliza mara mbili, "Karani, unaumwa?"

Baba mkubwa aliita ukoo. Unamjua, hazunguki. Alikiweka kisu juu ya kigoda katikati yetu.

Mayu akawahi. "Si chake. Visu vya springi viko vingi."

"Hata jina lililotajwa huko kambini, shemeji?"

"Akina Maduhu nao wako wengi."

Baba mkubwa akanigeukia mimi. "Karani wetu, wewe ulikuwepo kikitengenezwa. Kishike, utuambie."

Nilikishika. Msumari wa pili umepinda, vilevile. Makali yameliwa zaidi upande mmoja, kama kisu kinachonolewa na mtu wa mashoto. Ndani ya ala, pale chini, nilikigusa kwa kidole kile kipande cha ngozi ulichoshonea. Mayu alikuwa ananitazama. Nilijua anachoniomba.

Ofisini kuna neno ninalolitumia kila siku: sina uhakika. Ni neno zuri, halijawahi kumfukuzisha mtu kazi. Lilikuwa mdomoni kabisa. Ningelisema, tungeendelea kukusubiri, na mayu angeendelea kukutengea chakula kila siku kama anavyofanya hadi leo, na kukimwaga, na kutengea tena.

"Ni chake," nikasema.

Mayu akainamisha kichwa. Kisha akaniambia, taratibu, kama anayemfundisha mtoto, "Ng'wanawane, mtu aliyeanika ala anategemea kurudi kuivaa."

"Alitegemea, shemeji," baba mkubwa akasema. Sauti yake nayo haikuwa nzuri. "Hakurudi."

Wakakubaliana Jumamosi ijayo tukulilie. Kaburi hatuna, lakini tutakaa msiba, na mwisho wake tutanyoa nywele sote kama ilivyo kwetu, wakubwa na watoto, ili uliliwe kama anavyoliliwa mtu wa mji huu. Mayu hakubisha. Aliuliza tu kama atanyolewa wa kwanza au wa mwisho.

Kisu nimekabidhiwa mimi. Ala ilikuwa imekakamaa ndani ya kile kiroba. Nimeisugua kwa mafuta mpaka imeanza kulainika. Kisu nakifuta, nakipaka samli, nakifunga. Sijakivaa. Ningekuwa na moyo kama wako ningekivaa nikaja huko mtoni mwenyewe, lakini nimeomba ruhusa kazini na sijajibiwa, na nikisema ukweli, nikijibiwa pia naogopa. Naogopa kufika na kukuta maji tu.

Ninachokiogopa zaidi ni hiki. Kama umekufa, tumechelewa kukulilia, na umekaa peke yako muda wote huu. Kama uko hai, nimekuzika kwa maneno mawili, mbele ya mama yako. Usiku nakuwa na la kwanza, asubuhi nakuwa na la pili. Sijapata mtu wa kumwambia haya isipokuwa wewe.

Basi nisikilize, Maduhu. Nakuaga hapa kwa sababu wakubwa wamesema nikuage, na nimekubali. Kama ni kweli umelala huko, lala vizuri, mdogo wangu. Umetunzwa moyoni kuliko nilivyoweza kukwambia tukiwa wote.

Lakini kama sivyo, na ukarudi baada ya Jumamosi, utatukuta vichwa vyote vimenyolewa. Watoto watakukimbia. Kuna watakaofunga milango. Usirudi nyuma. Usimuulize mtu njiani ni nani aliyekufa, maana hatajua akujibu nini. Pita moja kwa moja mpaka nyumbani, na usiingie kimya kimya. Simama nje ya uzio umwite mayu kwa sauti yako ya kuitia ng'ombe, umwite mara nyingi, aisikie kwanza kabla hajakuona.

Mimi kaka yako,
uliyeniacha nyumbani.