Jumamosi Niliyolala Maktaba

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Migori. Sisi tu wazima, Mungu ametushika. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Wundanyi? Nimeandika kwa sababu kwa simu ningelia tu, nawe ungeingiwa na wasiwasi.

Mama, siku ile nilipokuomba umtume Mjomba aje amchukue Akinyi akae kwako, nilikuwa nimechoka mwili na roho. Baba yake yuko Muhuru Bay kwa uvuvi. Mimi nashinda sokoni nikiuza omena, hawa dagaa wa ziwani, kichanga mgongoni. Akinyi akiniuliza jambo, namfokea. Mtoto wa miaka minne akaanza kunyamaza kila niingiapo nyumbani. Hilo liliniogopesha.

Jirani yangu Mama Otieno, mzaliwa wa Asumbi, aliniona. Jumamosi moja akaniambia, "Funika hiyo omena, twende maktaba. Watoto wanasomewa hadithi."

"Na hii harufu yangu?"

"Kwani wao hawali omena? Twende bwana!"

Tuliketi mkekani, Akinyi kando yangu, kichanga mapajani. Msomaji, Madam Janet, akaanza hadithi ya fisi mlafi. Fisi hakuwa hata ametoka pangoni, mimi nikalala, Mama, mdomo wazi, mbele ya wazazi wa watu!

Nilishtuliwa na kicheko. Kupapasa mapajani, kichanga hayupo! Kumbe baba mmoja wa boda boda alikuwa amempakata, anambembeleza. Na mbele ya watoto wote alisimama Akinyi wangu, akilia kama fisi, wenzake hoi kwa kucheka.

"Pole, Madam, nimelala," nikasema.

"Pole ya nini? Watoto wapate hadithi, wazazi wapate usingizi. Lala tu, mama. Tuko nao."

Nikabubujikwa na machozi. Tangu niolewe huku, hakuna aliyewahi kuniambia nilale.

Sasa twaenda kila Jumamosi. Jioni Akinyi hunisimulia upya, Kiswahili na Kijaluo pamoja, hanyamazi hata akila. Juzi mimi ndiye niliyempakata mtoto wa mwenzangu aliyesinzia.

Kwa hivyo, Mama, mwambie Mjomba asije. Akinyi anabaki nami. Asante kwa kukubali kumlea bila kuniuliza hata swali moja. Najua ulishamtandikia kitanda. Goti likikubali, njoo ulale wewe hapa kwetu, umsikie mwenyewe.

Nisalimie Mjomba, mdogo wangu aliye chuo cha ualimu, na shangazi anayekuchotea maji.

Ni mimi binti yako, ninayelala vizuri siku hizi,

Wakesho